Gari Lisilokohoa

Jumamosi, ukungu haujanyanyuka Kabale,
binti yangu Kyomuhangi aliingia uani
nami sikumsikia.
Mimi! Niliyekuwa nikilala kitandani
nikajua Pijo ya padri imekufa vali ya pili
kabla haijamaliza kona ya kanisa.
Kuku hawakuruka. Mbwa aliendelea kujikuna.
Gari likasimama mbele ya miguu yangu
kama mgeni aliyesahau kupiga hodi.

"Zima injini," nikamwambia, "tusalimiane."
"Baba, imezimika tangu pale sokoni."

Nikalizunguka. Rangi ya maziwa yaliyopoa,
pua fupi, paa linaloteremka taratibu hadi kwenye buti
kama mgongo wa mtu anayeinama kunawa.
Milango minne, yote hufunga bila kubamizwa.
Nyuma hukaa watatu, na wa katikati halii.
Kwenye dashibodi kuna kioo chenye mchoro:
mishale yatoka injini kwenda tairi,
yatoka tairi kurudi betri,
inaingia, inatoka, kama wakwe siku ya posa.
Ukiwasha, mwanamke husema Kijapani, kwa adabu;
mwaka wa pili huu Kyomuhangi humjibu,
"Agandi, nyabo."

Nikafungua boneti, nitafute pa kuweka sikio.
Kifuniko. Chini ya kifuniko, kifuniko.
Na nyaya za rangi ya machungwa, nene kama kidole gumba,
ambazo hata mimi mkaidi niliambiwa: hizo, hapana.
Miaka thelathini na minane nimekula kwa sikio hili.
Nikarudisha boneti polepole,
kama aliyekutwa akifunua chungu cha jirani.

Jumapili tukaenda Kisoro kumwona dada yangu.
Kwenye kupanda, injini iliamka, ikanguruma kidogo;
nikafarijika.
Kisha Kanaba, mteremko ule
ulionilia breki za malori sijui mangapi,
nami naukumbuka kwa pua: bitana zikiungua.
Kyomuhangi aligusa kibao kwa ncha ya kiatu tu.
Hakikunuka kitu.
Muhabura ulikuwa umejaa kioo cha mbele,
na kwenye kile kioo kidogo vijiti vya betri vikapanda:
vinne, vitano, vyote vinane.
"Linakula mteremko," akasema.
Maisha yangu yote nilijua kuteremka ni kupoteza.
Sikujibu. Nina miaka sabini na moja.

Kurudi, karibu na Muko, pembetatu nyekundu ikawaka.
Tukasimama kando. Kyomuhangi akainua simu juu,
akaigeuza huku na huku; mtandao hakuna.
Wajukuu wakanyamaza kwa hofu,
na katika kunyamaza kwao nikasikia:
nyuma, ubavuni mwa kiti,
feni ndogo ikihema
kama mtoto aliyezibwa pua na mafua.

"Shukeni wote," nikasema,
kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nifunge gereji.

Nikapiga magoti juu ya kiti. Nikang'oa wavu,
nikatoa kichujio. Kimejaa
unga wa mtama wa magunia ya bibi yao,
nywele za Ninsiima, maganda ya njugu,
na chini kabisa, yamejisokota,
manyoya meupe, laini, ya mbwa
ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpigia mluzi.
Kumbe lilikuwa na watu wake, huko lilikotoka.
Nikayaweka mfuko wa shati, sijui kwa nini.
Yaliyobaki nikayasugua kwa mswaki wa Ninsiima,
naye akanuna mpaka nyumbani.

Tukangoja lipoe. Likawaka.
Yule mwanamke akatusalimu tena,
taa nyekundu haikurudi,
na feni ikapumua; mimi tu ndiye niliyeisikia.

Sasa akija, Kyomuhangi hupiga honi langoni,
mara moja, fupi, kwa ajili yangu.
Nimemwomba aache.
Najifunza tairi juu ya changarawe.